Usitaje Chapati, Eleza Chapati: Kutengeneza Picha kwa Akili Unde Hatua kwa Hatua

Mama mmoja jirani yangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, anayepika chapati karibu na steji, aliniomba nimtengenezee bango. Nikafungua programu ya akili unde (AI) kwenye simu, nikaandika "chapati tamu na chai, Nairobi", nikabonyeza. Haikuchukua dakika. Nikaletewa mkate mwembamba mweupe wenye madoa meusi, umekunjwa na kujazwa nyama na parachichi, kando yake glasi ya chai ya rangi, na huko nyuma twiga amesimama chini ya mgunga, jua linazama. Nilipomwonyesha, mama alitazama simu kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa huyu twiga atakula ngapi?"

Tangu hapo nimetengeneza picha nyingi: za saluni, za kadi za ruracio (sherehe ya mahari), za vyama vya akina mama, hata moja ya fundi wa makochi. Hii hapa ndiyo njia ninayofuata siku hizi, na nitaionyesha kwa bango lile lile la chapati.

Kabla hujaandika neno

Mashine hizi zilifundishwa kwa picha zilizookotwa mtandaoni, kila picha na maneno yaliyoambatana nayo. Mkusanyo mmoja mkubwa uliotolewa mwaka 2022, unaoitwa LAION-5B, una jozi zipatazo bilioni 5.85 za picha na maelezo, na sehemu yake ndiyo iliyofunza Stable Diffusion, mojawapo ya mashine hizi, iliyotolewa kwa umma Agosti mwaka huo huo. Jozi bilioni 2.3 hivi kati ya hizo zina maelezo ya Kiingereza. Hebu piga hesabu ni ngapi zinazoonyesha mama wa Umoja akisukuma chapati.

Kuchora kwenyewe huanza na picha iliyojaa chenga, kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni. Mashine huziondoa chenga hizo kidogo kidogo, ikiongozwa na maneno yako, mpaka sura ijitokeze. Sio zote zinazofanya hivyo hivyo, lakini kwa mwandishi jambo ni moja: kila neno linavuta. Neno "Afrika" linavuta mbuga na twiga wake. Neno "jiko" linavuta jiko la gesi lenye oveni, la majikoni ya ng'ambo. Ukitaja jina la kitu chetu, mashine inabahatisha. Ukieleza jicho linavyokiona, inatii zaidi.

Hatua ya 1: Chagua chombo, usikawie hapo

Kwa anayeanza, ChatGPT au Gemini zinatosha. Zote mbili zinaelewa Kiswahili na zina kiwango cha bure, ingawa kiwango hicho hubadilika na kikiisha unasubiri. Meta AI iko ndani ya WhatsApp kwa wengi. Midjourney ni ya kulipia. Stable Diffusion unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe ukiwa na kadi nzuri ya michoro, lakini matoleo yake ya mwanzo yalizoezwa kusoma Kiingereza. Ukiyaandikia Kiswahili utapata maajabu. Ukitumia chombo cha aina hiyo, andika maelezo yako kwa Kiswahili, mpe ChatGPT akutafsirie, kisha usome tafsiri mwenyewe kabla ya kuibandika. Mimi imewahi kunigeuzia sufuria ikawa chungu cha udongo.

Hatua ya 2: Amua kama unaihitaji kweli

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Bango la pili nililomtengenezea yule mama lilikuwa na chapati za mashine, nzuri kupindukia, zinang'aa, zimepangwa kumi na mbili. Siku ya pili mteja akasimama mbele ya bango, akaangalia sahani yake, akaangalia bango tena. Hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema, jioni: "Kijana, hizi si chapati zangu."

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kile kinachouzwa, kipige picha kwa simu. Chapati zile zile, kiti kile kile, nywele zile zile ulizosuka. Kaa karibu na mlango au dirisha, zima taa ya balbu, futa lenzi kwa shati, piga. Akili unde iachie vile vitu vinavyozunguka bidhaa: mandhari, mvuke, asubuhi ya baridi, mtu ambaye hutaki awe mtu fulani anayejulikana. Mama hakutaka sura yake ibandikwe ukutani, basi nikaamua: mpishi na kibanda vitatoka kwenye mashine, rundo la chapati mbele litatoka kwenye simu yangu.

Papo hapo amua umbo. Bango la ukutani na stetasi ya WhatsApp ni wima. Tangazo la Facebook mraba linafaa. Sema umbo hilo mwanzoni mwa maelezo, maana kukata picha baadaye kunakukata kichwa au miguu. Tena omba nafasi tupu utakapoweka maandishi. Mimi huandika: "theluthi ya juu ya picha iwe ukuta mtupu wa mabati, hauna kitu."

Hatua ya 3: Andika maelezo, yaani prompti

Ninafuata mpangilio ambao haujaniangusha: aina ya picha, mtu au kitu, anachofanya, mahali, mwanga, na kamera iko wapi. Sentensi fupi. Majina ya kawaida, vivumishi vinavyoonekana. "Tamu", "ya kuvutia", "bora kabisa" hazionekani kwa jicho, zitoe.

Chukua chapati. Nimejaribu "chapati ya Kenya" na bado ikaja ile nyembamba. Iliyokubali ni hii: "mkate bapa wa duara, upana wa sentimita 22, unene wa milimita 4, wenye tabaka zinazoonekana kwa mzunguko kutoka katikati, rangi ya dhahabu yenye madoa ya hudhurungi, uso unang'aa mafuta kidogo." Ule mzunguko ndio siri. Chapati ya kwetu inakunjwa kama konokono kabla ya kusukumwa mara ya pili, na ukikata maneno hayo inarudi kuwa ya kwingine.

Jiko nalo. Lile jiko la makaa tunalonunua kwa mafundi wa Shauri Moyo lina umbo ambalo mashine hailijui kwa jina: "jiko dogo la makaa, la bati, pana juu na chini, jembamba katikati, ndani lina bakuli la udongo wa kuchomwa wa rangi ya matofali, lina miguu mitatu mifupi na mlango mdogo wa majivu upande wa mbele."

Hii ndiyo prompti nzima niliyofikia:

"Picha ya kamera, wima. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene kiasi, ngozi ya kahawia iliyokolea, amevaa sweta ya rangi ya maruni na aproni ya bluu, kichwani kitambaa cha pamba chenye maua kilichofungwa kwa nyuma. Anageuza mkate bapa kwa mwiko wa mbao juu ya kikaango bapa cheusi. [Hapa naweka maelezo ya chapati.] Kikaango kiko juu ya jiko. [Hapa ya jiko.] Yuko ndani ya kibanda cha mabati na mbao, kando ya barabara ya lami iliyolowa mvua, mtaa wa magorofa ya mawe yenye nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Asubuhi ya baridi, mawingu ya kijivu, mwanga laini, mvuke unapanda. Kamera iko usawa wa kifua chake, umbali wa mita mbili. Nyuma kumefifia kidogo. Theluthi ya juu ni mabati matupu."

Ona kwamba sijaandika "Nairobi" wala "Mwafrika". Magorofa yenye nguo kwenye roshani yanaleta Umoja au Pipeline vizuri kuliko jina la jiji, ambalo mara nyingi linakuletea KICC, lile jengo refu la mikutano, katikati ya kila kitu, hata jikoni.

Mitego ya Kiswahili chenyewe

Saa zetu, kwanza. Niliandika "saa moja asubuhi" nikitaka ule mwanga wa watu wanaokimbilia kazini. Nikapata usiku mkuu na taa za barabarani zimewaka: mashine ilisoma saa moja ya Kizungu. Usitaje saa. Eleza mwanga: jua limetoka sasa hivi, vivuli ni virefu, anga ni ya rangi ya chungwa upande mmoja. Ukitaka mchana wa Nairobi sema jua liko utosini na vivuli ni vifupi chini ya miguu. Hapa tuko karibu na ikweta, ule mwanga wa mshazari wa alasiri ndefu za Ulaya unaonekana mara moja kuwa si wa kwetu.

Kisha maneno yenye maana mbili. Niliomba "kaa la moto jekundu ndani ya jiko" nikaletewa kaa wa baharini, mwekundu kweli, ametulia juu ya jivu. Sasa naandika "vipande vya makaa vinavyowaka". Kuwa macho na paa, tai, mbuzi, shuka. Weka neno la pembeni la kulibana: paa la nyumba, ndege tai.

Halafu tashbihi, na huu ndio mtego unaoniumiza zaidi kwa sababu ndivyo tunavyosema. Nilieleza jiko kuwa "lina kiuno kama saa ya mchanga". Saa ya mchanga ikaja, ya kioo, kando ya sufuria. Mtu akiandika "anang'aa kama mbalamwezi" asishangae kuona mwezi. Kwenye prompti, kitu ukikitaja umekiita. Ndiyo sababu hata kukataza kuna matatizo: "bila watu nyuma" inaweza kuleta watu nyuma. Andika "barabara tupu". Stable Diffusion ina kisanduku cha pembeni cha kuandika usivyovitaka, na huko ni sawa kuvitaja. Kwenye vyombo vya mazungumzo jaribu kwanza kusema unachotaka.

Hatua ya 4: Rekebisha kimoja kimoja

Picha ya kwanza si ya kutumika, ni ya kusomwa. Ikuze kwa vidole viwili uikague kama mteja mgomvi. Vidole ni vitano? Mwiko umeshikwa au unaelea? Mvuke unatoka wapi? Ukiomba vikombe vitatu, vihesabu.

Ikiwa kuna gari, angalia usukani. Kwetu uko kulia na mlango wa abiria wa matatu uko kushoto. Mashine hupenda kinyume. Neno "matatu" lenyewe halina uhakika, kwa hiyo eleza: gari jeupe la abiria la viti 14, mstari wa manjano unaozunguka ubavuni, mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Ukitaka yale ya michoro ya Rongai au Umoja, sema basi dogo lililochorwa rangi kali mwili mzima, taa za zambarau kwa ndani, lakini michoro yenyewe usiitegemee kuwa na maneno yanayosomeka. Soketi za ukutani ziwe za matundu matatu ya mstatili. Watu mara nyingi hawajui kimewakera nini kwenye picha, ila wanajua si hapa.

Ukiona kosa, badilisha jambo moja. Kwenye ChatGPT au Gemini unaendelea na mazungumzo: "Ibadilishe aproni iwe ya kijani, mengine yote yabaki yalivyo." Ukirundika marekebisho matano katika sentensi moja, mawili yatatiiwa na sura ya mama itabadilika kuwa ya mtu mwingine. Na baada ya marekebisho sita au saba picha huanza kuchakaa, ngozi inakuwa ya plastiki. Hapo acha mazungumzo hayo, fungua mapya, bandika prompti nzima ikiwa na masahihisho yote ndani. Kwa hiyo zihifadhi prompti zako mahali. Mimi nazitunza kwenye ujumbe ninaojitumia mwenyewe WhatsApp.

Lile bango lilinichukua majaribio kumi na moja. Sita yalikuwa ya jiko.

Hatua ya 5: Sura za watu

Vyombo vipya vinakuruhusu kupakia picha ya mtu halisi na kumweka popote. Kabla ya hapo muulize mwenyewe, na afadhali ajibu kwa maandishi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na kuitumia kwa biashara kunataka ridhaa yake iliyo wazi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza faini za mamilioni ya shilingi, mojawapo kwa klabu ya burudani na nyingine kwa shule, kwa kuchapisha picha za watu bila idhini. Picha za watoto ndio kabisa, mzazi lazima akubali. Mchekeshaji au mwanasiasa usimtie mdomoni chapati ya mteja wako, hata kama kila mtu atacheka.

Hatua ya 6: Maandishi weka wewe

Vyombo vya sasa vinaandika maneno mafupi vizuri kuliko vya miaka miwili mitatu iliyopita, lakini Kiswahili bado kinawatoka upande. Nimeona "CHAPTI MOTO MOTTO" na "KARIBUNII". Hayo ni ya kuchekesha tu. Yasiyochekesha ni namba. Usithubutu kuiachia mashine iandike namba ya till (ile ya kulipia dukani kwa simu) au ya simu. Tarakimu moja ikigeuka, pesa ya mteja inaenda kwa duka la mtu mwingine na lawama inarudi kwako.

Chukua picha safi, ifungue Canva au programu yoyote ya mabango, uandike mwenyewe: jina, bei, till. Herufi nene, rangi moja au mbili. Hapo pia ndipo nilipoliingiza rundo la chapati halisi. Nilikata mandharinyuma yake, nikaliweka chini mbele, nikapunguza mwanga kidogo lifanane na lile anga la mawingu, na chini yake nikachora kivuli chepesi. Bila kivuli kitu kinaelea, na macho yanakataa.

Hatua ya 7: Uchapishaji

Hapa nilipoteza pesa. Picha ya wima kutoka kwenye vyombo hivi inaweza kuwa na pikseli, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha, 1024 kwa 1536. Kwenye simu inapendeza. Kwenye karatasi, kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 8.7 kwa 13 tu, ukubwa wa kadi. Mimi niliipeleka mjini ichapwe A3, na juu ya hilo niliituma kwa WhatsApp kama picha, ambayo huibana zaidi. Ikatoka kama imepigwa kupitia pazia. Kijana wa mashine alinionya, nikamwambia aendelee tu.

A3 kamili kwa nukta 300 inataka pikseli 3508 kwa 4961. Lakini bango linalosomwa kutoka mita mbili halihitaji hivyo. Nukta 150 zinatosha, yaani 1754 kwa 2480. Pitisha picha kwenye programu ya kukuza, iongeze mara mbili ipate 2048 kwa 3072, kisha uikate kidogo juu na chini kwa sababu karatasi ya A3 ni fupi kidogo kuliko umbo hilo. Fanya hayo kabla ya kuweka maandishi, si baada. Hifadhi kama PDF. Ipeleke kwa flashi, kwa barua pepe, au kwa WhatsApp ukiituma kama dokumenti.

Ukifika dukani, River Road au kokote unakochapia, omba kwanza kipande kidogo cha A5. Bluu na kijani kali za kwenye kioo cha simu hufifia kwenye wino, na ngozi nyeusi hutoka nyeusi zaidi kuliko ulivyoiona. Mara nyingi mimi huongeza mwanga wa uso kidogo kabla ya kuchapa. Kipande hicho kitazame nje, kwenye jua, maana ndiko bango litakakokaa. Kisha agiza lamineshoni isiyong'aa, la sivyo mchana litaonyesha mawingu badala ya bei.

Tulilipigilia kwa misumari minne juu ya meza ya kusukumia. Mama alirudi hatua tatu nyuma mpaka akagusa mtaro, akalitazama jiko kwanza, kisha zile chapati zake. Kuhusu yule mwanamke wa sweta ya maruni, akasema ni mwembamba kuliko yeye, na nisiguse.